Dughulushi kwenye ukuta wa mawe, Tanga: shajara ya mradi, Aprili 2023 hadi Machi 2025

8 Aprili 2023. Mmea gani, na kwa nini huo

Lengo ni bustani ya mawe uani, Chumbageni, yenye mimea midogo ya maua inayoota kwenye nyufa za miamba. Kazi hii ilianzia kwenye nchi za baridi, na mimea yake maarufu ni ya juu milimani, iliyozoea theluji, upepo na usiku wa baridi. Hiyo tuisahau hapa. Kinachoiua Pwani si jua la mchana peke yake. Usiku wa Tanga haupoi, kwa hiyo mmea unatumia gizani kile ulichotengeneza mchana, unakonda, kisha unaoza. Mbegu za aina hiyo zinazouzwa mtandaoni ni pesa ya kutupa.

Upo mmea mmoja wa milimani wenye tabia zote zinazotakiwa: mdogo, wa mwambani, duara la majani yenye manyoya, maua ya urujuani. Ndio dughulushi, ambao wauza maua wanauita vayoleti ya Afrika. Kwao ni hapa hapa. Mwaka 1892 afisa wa utawala wa Kijerumani aliyekuwa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, aliupeleka Ulaya. Mwaka uliofuata Hermann Wendland wa bustani ya Herrenhausen, Hannover, akaupa jina la Saintpaulia ionantha. Tangu 2015 wataalamu wameuingiza kwenye jenasi ya Streptocarpus, ila wakulima wengi bado wanalitumia jina la zamani.

Lenye maana kwa mradi huu ni mahali ulipokutwa. Taarifa ya wakati ule inataja sehemu mbili. Moja ni msitu wa Usambara, kwenye miamba ya granaiti, futi 2,500 juu ya bahari. Nyingine ni mwendo wa saa moja kutoka mjini Tanga, kwenye nyufa za mawe ya chokaa penye kivuli cha miti, futi 50 hadi 150 tu. Yaani upo ukoo wa mmea huu unaoota huku chini, uliolizoea joto letu na chokaa yetu. Huo ndio tunaoutaka. Aina za maduka, zenye maua ya mikunjo na rangi mbilimbili, hazina uvumilivu huo.

Mbegu ya kazi ni majani 40 kutoka kwa mtunza bustani wa Muheza anayeotesha aina ya asili kwa miaka mingi. Hakuna mmea uliong'olewa porini, na anayeiga asing'oe, iwe kwenye mapango ya Amboni au hifadhi ya Amani. Nyufa zenye dughulushi ni chache, na jani moja linatosha kuanzisha kitalu.

Jani bora si la nje kabisa wala si la katikati, ni la mzunguko wa pili. Kikonyo kinakatwa kwa wembe safi, mshazari, kibaki sentimita 3, kisha kinachomekwa sentimita 1 hadi 1.5 tu kwenye udongo. Ukikizamisha zaidi kinaoza kabla hakijatoa mizizi. Trei imefunikwa kwa plastiki na kuwekwa barazani, penye mwanga wa kusomea gazeti bila jua.

Udongo wa trei ni vumbi la makumbi ya nazi kutoka kwa wasokota kamba, sehemu 3, na chenga za mkaa sehemu 1.

14 Mei 2023. Majani 31 kati ya 40 yamekufa

Hayakuoza kwa ukungu. Ncha za vikonyo zimekuwa za kahawia na kavu, na kingo za majani zimeungua kuanzia nje. Hiyo ni dalili ya chumvi.

Tulitakiwa kulijua mapema. Ili upate usumba, yaani nyuzi za kusokota, makumbi hufukiwa kwenye matope ya ufukweni miezi kadhaa, maji ya bahari yakipanda na kushuka juu yake. Vumbi linalobaki baada ya kupiga usumba limeshiba chumvi. Tulinunua kipima chumvi, kile cha kalamu (sh. 38,000). Vumbi kipimo 1 kwa maji ya mvua vipimo 5 lilisoma milisimensi 3.4 kwa sentimita. Kwa mche wenye mizizi laini kama nyuzi za buibui, hata 1 ni nyingi.

Kuosha mara moja hakusaidii. Hatua zilizofanya kazi ni hizi: loweka kwenye ndoo ya lita 20 usiku kucha, kamua ndani ya gunia, mwaga, rudia. Baada ya mara ya tatu kipimo kilikuwa 1.1, baada ya mara ya sita 0.4. Hapo wengi huacha, kumbe bado. Nyuzi za makumbi zinaishikilia sodiamu, nayo hutoka polepole mbolea ikiwekwa. Maji ya saba yawe na mbolea ya naitreti ya kalsiamu, gramu 2 kwa lita, saa 24. Kalsiamu inaingia, sodiamu inatoka. Kisha suuza mara moja ya mwisho. Mbolea ya CAN isitumike badala yake, kwa sababu ina amoniamu na miche ya umri huu haiipendi.

Makumbi yaliyofuatwa kwa wakamua nazi wa sokoni, ambayo hayajafika baharini, yalisoma 0.9 kabla ya kuoshwa. Ukiyapata hayo, unaokoa siku nne za kazi.

Majani mengine 50 yatachomekwa tarehe 20.

30 Julai 2023

Majani 44 kati ya 50 yameshika. Mizizi ilionekana wiki ya nne, vitoto vikaanza kutokeza wiki ya nane. Kila jani limetoa vitoto viwili hadi vinne. Tangu hapo ni kumwagilia kwa chini na kungoja tu.

2 Septemba 2023. Ukuta

Tumeacha kichuguu cha mawe kama kile cha kwenye picha, kwa sababu mlalo wake unalikaribisha jua na mvua inakaa juu ya mimea. Badala yake ni ukuta mnene wenye nyuso mbili: urefu mita 4.2, kimo mita 1.1, upana mita 1.2 chini na sentimita 80 juu. Unalala mashariki kwa magharibi, na upande wa magharibi kuna mwembe mkubwa. Kila uso umeegemea ndani sentimita 20 kwa kimo chote.

Msingi ni mtaro wa sentimita 25 uliojazwa kokoto. Tumbo la ukuta ni kifusi cha matofali ya kuchoma kilichochanganywa na udongo wa nyufa, na udongo huo ni mboji ya majani iliyochekechwa sehemu 3, chenga za mawe za milimita 3 hadi 6 sehemu 2, chenga za mkaa sehemu 2, vumbi la makumbi lililooshwa sehemu 1. Hakuna saruji hata kijiko. Fundi hakuamini kwamba utasimama. Unasimama kama kila jiwe limelazwa na mkia wake umeingia ndani, likiinamia tumbo la ukuta kidogo, na hakuna ufa unaopanda juu moja kwa moja kupita mistari miwili. Saruji ingeziba njia za maji na mizizi, na ile mpya hutoa chokaa kali kuliko jiwe lolote.

Mawe yametoka sehemu mbili. Canter moja ni ya chokaa kutoka Pongwe, sh. 110,000. Nyingine ni ya mawe ya matumbawe kutoka ukuta wa nyumba ya zamani uliobomolewa karibu na bahari, sh. 50,000, na tuliyachukua kwa sababu yana vitundu vizuri na sura ya uzee. Ya Pongwe yamejenga nusu ya magharibi, ya matumbawe nusu ya mashariki. Fundi na kibarua wamechukua siku nne.

Kuhusu uso wa kupandia: mfano wetu ni Ramonda, jamaa wa dughulushi katika familia moja ya Gesneriaceae, anayeota kwenye miamba ya Pirenei na Balkani. Watunza bustani za mawe wa Ulaya humpanda kwa ubavu ndani ya ufa, ili maji yasitulie katikati ya majani, na uso huo huelekezwa kaskazini, penye kivuli. Kwa kuwa sisi tuko kusini mwa ikweta, tumegeuza: dughulushi wako uso wa kusini. Uso wa kaskazini umeachwa kwa waridi la jangwa na mikonge-pori midogo.

7 Oktoba 2023

Miche 60 imepandwa, 30 kila nusu. Kila mmoja ana majani matano au sita na upana wa sentimita 4 hadi 5. Mche mkubwa zaidi ya huo hauingii ufani bila kuvunjika. Mizizi inazungushiwa kipande cha gunia la katani lililoloweshwa, inasukumwa ndani kwa kijiti, na udongo unafuata hadi ushindiliwe vizuri. Uwazi ukibaki nyuma ya mizizi, mche unakauka huku udongo wa mbele umelowa.

12 Novemba 2023. Matatizo mawili kwa pamoja

Vuli ya mwaka huu imekuja na El Niño, mvua si ya kawaida. La kwanza ni udongo kuchuruzika. Nyufa 14 zimebaki tupu nusu. Tulitegemea mizizi ishike udongo kabla ya mvua kubwa, wiki tano hazitoshi. Sasa kila mdomo wa ufa unazibwa kwa kijiwe cha kabari chini ya mche, na juu yake usumba ulioshwa unaokunjwa kama utambi. Gunia la katani pekee halifai kwa kazi hiyo, kwa sababu kwenye unyevu huu limelegea ndani ya mwezi.

La pili ni zito zaidi. Nusu ya mashariki mawe yametoa unga mweupe, na miche 17 kati ya 30 ina kingo zilizoungua. Tayari 11 imekufa. Nusu ya magharibi, ya mawe ya Pongwe, haina hata mmoja wenye dalili hiyo. Ukiulamba ule unga, ulimi unakujibu papo hapo kuwa ni chumvi. Ukuta ule umekula upepo wa bahari miaka mingi, na huenda chokaa yake ilipigwa kwa mchanga wa pwani. Mvua imeilowesha chumvi, jua limeivuta nje, njiani ikapita kwenye mizizi.

Waliopita wakiuona ukuta walisema ni chokaa iliyoiunguza miche. Hoja hiyo inastahili kupimwa, maana wanaoandika kuhusu vayoleti za vyungu wote wanataka udongo wenye uchachu kidogo, pH 6 hivi. Tarehe 15 tunaanza jaribio: vikopo 40, makundi manne ya kumi, udongo ule ule, tofauti ikiwa chenga za mawe tu.

27 Desemba 2023. Jua limetoka kusini

Kosa kubwa kuliko yote ya mradi, na lilifanyika kwa akili timamu.

Miche ya nusu ya magharibi, iliyokuwa na afya, imepauka na kuwa na mabaka ya rangi ya majani makavu upande wa juu wa kila jani. Ni kuungua na jua. Saa sita na nusu mchana uso wa kusini wote uko juani.

Hesabu yake ni nyepesi, tungeifanya Agosti tusingefika hapa. Tanga iko nyuzi 5 tu kusini mwa ikweta. Jua linapita utosini mwetu mara mbili, karibu na tarehe 6 Oktoba na tarehe 7 Machi. Kati ya Oktoba na Machi, miezi ya joto kali, liko kusini kwetu. Mwisho wa Desemba saa sita ya mchana limeinama nyuzi 18 kutoka utosini kuelekea kusini. Kati ya Machi na Oktoba liko kaskazini, na mwezi Juni limeinama nyuzi 28, ila hiyo ni miezi ya baridi. Kwa hiyo kanuni ya kugeuza inafaa Johannesburg, haifai hapa. Kwa Tanga, uso wenye kivuli wakati wa joto ni wa kaskazini. Tungeyafuata maelekezo ya Ramonda jinsi yalivyo, bila kujifanya wajuzi, tungekuwa sahihi.

Ule mwegemeo wa ukuta nao umeongeza madhara. Uso ulio wima ungelipata jua la nyuzi 18 kwa kuparuzwa tu. Ukiegemea nyuzi 10 zaidi, unapokea karibu mara moja na nusu ya jua hilo.

Neti ya kivuli imetandikwa kwa dharura (mita 5, sh. 30,000). Inazuia kuungua, haileti ubaridi.

20 Januari 2024. Majibu ya vikopo, na uamuzi

Baada ya wiki nane, kundi lisilo na chenga za mawe wamebaki 10 kati ya 10. Chenga za Pongwe, 10 kati ya 10, ingawa watatu majani yao machanga yalipauka katikati ya mishipa. Hao walirudi kijani kwa mbolea ya majani yenye madini ya chuma. Chenga za ukuta wa bahari bila kuoshwa, 3 kati ya 10. Chenga hizo hizo zilizolowekwa wiki tatu na kubadilishiwa maji ya mvua kila siku ya tatu, 8 kati ya 10.

Chokaa basi si mshtakiwa. Hata kule mwambani mizizi haili jiwe, inaishi kwenye mboji iliyojikusanya ufani. Shida ni chumvi.

Ukutani wamebaki hai 23 kati ya 60. Wote wamehamishiwa vyunguni, barazani. Mawe ya matumbawe yote yanatolewa. Yatafaa kwa kingo za njia.

17 Februari 2024. Kujenga upya uso wa kaskazini

Fundi siku mbili, kibarua siku tatu, kirikuu kimoja cha mawe ya Pongwe (sh. 40,000). Mabadiliko ni matatu.

Uso sasa uko wima kabisa. Mawe ya juu yametokeza nje sentimita 15 kama ukingo wa paa. Kwa jua la Juni, ukingo huo unatia kivuli sentimita 27 za juu saa sita ya mchana. Sehemu ya chini itategemea mwembe, na mahali mwembe haufiki kuna ndoano za neti.

La tatu ndilo tunalolipendekeza kwa nguvu zote: mitungi. Mitungi mitatu ya kufinyangwa, isiyopakwa rangi wala kung'arishwa, ya lita 12 kila mmoja (sh. 9,000), imefukiwa kwenye tumbo la ukuta karibu na kilele, mdomo tu ukiwa nje na kifuniko juu yake kuzuia mbu. Maji yanapenya polepole kwenye udongo wa mtungi na kulowesha kifusi, hivyo mimea inakunywa kwa nyuma na majani hayaguswi. Jiwe lililolowa kwa ndani linapoa kwa kukausha maji yake hewani. Leo saa tisa alasiri hewa kivulini ilikuwa nyuzi 32. Ndani ya ufa ulio karibu na mtungi nyuzi 28, ufa ulio mbali nao nyuzi 30. Nyuzi mbili zinaonekana ndogo, lakini ukivuka 30 matumba yanaanza kudondoka.

Kabla ya mitungi, kumwagilia kulifanywa kwa mpira, na mpira una balaa zake mbili. Uliolala juani unatoa maji ya kuchemsha nusu dakika ya kwanza. Asubuhi, maji ya baridi yakigusa majani yaliyokwisha pata joto yanaacha duara za manjano zisizofutika. Madoa hayo si ugonjwa, usinunue dawa.

9 Machi 2024

Miche 48 imepandwa upya, mchanganyiko wa walionusurika na wa akiba ya kitalu. 36 imewekwa kwenye nyufa za wima, duara la majani likitazama nje na chini kidogo. 12 imewekwa kwenye vibaraza vitatu vya mlalo, kwa ajili ya kupendeza macho.

26 Mei 2024. Masika

Vibaraza: miche 9 kati ya 12 imeoza. Nyufa za wima: 3 kati ya 36.

Kuoza kwenyewe kunaanzia moyoni. Majani ya kati yanakuwa ya kijivu, yanalegea, na ukivuta kidogo duara lote linang'oka na kubaki mkononi. Ni kiumbe wa majini anayefanana na kuvu, wa jamii ya Pythium, anayependa joto na maji yaliyotuama. Ukiona hivyo mmea haupo tena, ila majani ya nje yaliyo imara yanaweza kukatwa na kuchomekwa upya. Tumeokoa majani 11 kwa njia hiyo. Udongo wa ufa ule umetolewa na kutupwa mbali, haukurudishwa kwenye mboji.

Vibaraza vimejazwa kangaga jembamba lenye vijiti vyeusi, lililojileta lenyewe. Halina shida na maji.

3 Agosti 2024. Maua, na koa

Kusi limetulia, usiku unashuka hadi nyuzi 20 na 21, na ukuta umechanua. Mimea 29 kati ya 36 ina maua, mingine hadi vikonyo sita. Rangi ni urujuani uliopauka kuliko wa dukani, na ua lina petali tano bila mikunjo, na vifuko viwili vya chavua vya manjano katikati. Anayetaka maua makubwa hataridhika. Mbolea ya maji yenye NPK, gramu nusu kwa lita, kila wiki mbili tangu Juni, ndani ya mitungi.

Pengo 12 zimezibwa kwa miche mipya, yote nyufani.

Koa wamefika na maua. Wanapanda usiku na kukata vikonyo vya maua chini kabisa; mmea mmoja wameumaliza. Jivu lililozungushwa chini ya ukuta lilifanya kazi hadi mvua ya kwanza, na isitoshe lenyewe lina chumvi, kwa hiyo tuliliondoa. Kilichosaidia ni mabaki ya tembo la mnazi, yale ya chini ya kibuyu yaliyochacha sana. Yanamwagwa sentimita 3 kwenye kopo lililofukiwa hadi mdomoni. Usiku wa kwanza waliingia koa 19, wa pili 12, baada ya wiki wawili au watatu. Kopo lifunikwe kwa wavu wenye matundu ya kupita koa tu, maana kuku nao wanajua tembo ni nini. Kuku wenyewe walikwisha fukua nyufa nne za chini, na hapo ndipo sh. 22,000 za waya zilipokwenda.

30 Novemba 2024

Mimea miwili imedumaa. Majani ya kati ni madogo, magumu, yamejikunja na kujaa manyoya ya kijivu. Ni utitiri usioonekana kwa macho. Imeng'olewa na kuchomwa siku hiyo hiyo, na mikono ikaoshwa kabla ya kugusa mwingine. Kidung'ata wachache, walioonekana kama pamba kwenye mikono ya majani, wanatosha kufutwa kwa kijiti chenye pamba na spiriti.

Mtungi wa mashariki umepunguza mwendo. Ulikuwa unatumia lita 3 kwa siku, sasa haifiki 1. Mbolea ndiyo iliyoziba vinyweleo. Umefukuliwa, ukasuguliwa kwa brashi, ukalowekwa usiku kucha kwenye siki kipimo 1 kwa maji 4, ukasuuzwa. Umerudi kwenye lita 2.5. Kuanzia sasa mbolea inanyunyizwa juu ya kilele cha ukuta, na mitungini ni maji ya mvua peke yake.

15 Machi 2025. Mwisho wa joto la pili

Hai 43 kati ya 48. Waliokufa ni yule wa koa, wale wawili wa utitiri, na wawili waliokauka Februari karibu na mtungi wa kati, ulioziba nao bila mtu kuangalia. Mitungi isuguliwe kila miezi mitatu, dalili zisisubiriwe.

Maua yalikatika katikati ya Desemba, na hiyo ni kawaida. Mbolea ilisimamishwa Desemba hadi sasa, kwa sababu mmea unaolishwa wakati umelala kwa joto hutoa majani laini yanayooza masika. Matumba ya kwanza yanategemewa Mei. Upepo wa kaskazi ulikausha safu ya juu kuliko tulivyodhani, na kipande cha makuti chenye kimo cha mita moja, mita moja na nusu mbele ya uso, kimeutuliza bila kuufungia hewa.

Uso wa kusini una waridi la jangwa na haujadai kitu tangu upandwe.

Gharama kwa miaka miwili: mawe 200,000, kifusi na kokoto 45,000, fundi 180,000, vibarua 105,000, mitungi 27,000, neti 30,000, kipima chumvi 38,000, mbolea 18,000, makumbi 10,000, waya 22,000. Jumla sh. 675,000. Kati ya hizo, 195,000 ni za makosa mawili: mawe ya bahari, na kujenga upya uso uliotazama upande usio wake. Anayeanza leo kwa ukubwa huu aweke 480,000, na miche aanze kuiotesha miezi mitano kabla ya kumwita fundi.

Kitalu kina miche 30 ya ziada. Inatolewa bure kwa anayejenga mjini. Haitolewi kwa kupandwa Amboni wala karibu na Mto Sigi, hata kwa nia njema, maana hatujui mama wa majani ya Muheza alizaliwa na nani, na dughulushi wa kule wasichanganywe damu.